Mgeni wa Kiondo

Sebuleni kwa Wanjira, pale Kileleshwa gorofa ya tatu, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, yeye aliweka tangi la samaki. Televisheni aliipeleka chumbani, akasema wageni hawaji kwake kutazama vitu walivyo navyo nyumbani kwao. Ukiingia mlangoni, kitu cha kwanza kukutana nacho ni kile kioo kikubwa chenye taa ya buluu, mawe yaliyoota vitu vya rangi rangi, na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliofungwa mikanda myeupe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wanaokutazama kana kwamba ni wewe uliyewekwa kwenye kioo.

Wanjira hakuzaliwa kwenye mambo hayo. Maisha yake yote aliuza mitumba ya watoto soko la Kangemi, kwanza chini kwenye gunia, halafu kwenye meza, halafu kibandani. Kwa nguo za watoto wa wengine alisomesha wa kwake, akajenga vyumba vya kukodisha, na magoti yalipokataa kazi ya kusimama, akahamia Kileleshwa kwa kodi za vyumba hivyo. Watu walimwambia mwanamke wa umri wake anarudi shamba. Akawajibu kwamba shamba atapelekwa tu siku moja, na siku hiyo hataulizwa, kwa hivyo kwa sasa acha akae karibu na lami.

Tangi alilipata kwa sababu ya jino. Alikwenda kwa daktari wa meno mjini, shavu limefura, akakalishwa kungojea mbele ya tangi kama hilo. Alipoitwa, alisema apite mwingine kwanza. Alipoitwa tena akasema hivyo hivyo. Jino liling'olewa jioni, na kabla ya ganzi kuisha alikuwa ameshauliza kitu kile kinapatikana wapi. Watoto wake walipiga kelele. Maji ya bahari Nairobi, Mum, ni ya kutoa wapi? Ni ya kukorogwa kwa ndoo jikoni, aliwaambia, kwa chumvi maalumu inayouzwa kwa mifuko, na chumvi hiyo si ya kupikia. Jirani mmoja aliwahi kuja kuomba kidogo ya kutia mboga. Alirudi na bakuli tupu.

Wale samaki wawili aliwapa majina siku ile ile walipoingia. Mkubwa alimwita Chifu, na yule mdogo aliyekuwa akimfuata nyuma nyuma akamwita Karani. Chifu alikuwa na makao yake kwenye pembe ya kulia, ndani ya kile kiumbe kama ua lenye vidole laini, ambacho muuzaji alikiita anemoni na Wanjira alikiita godoro. Karibu na godoro hapakaribiwi. Ukiingiza mkono kufuta kioo, Chifu anatoka mbio na kukuuma katikati ya vidole. Meno yake ni madogo, hayatoi damu, lakini yanashtua. Wanjira alikuwa akivaa glavu za kuoshea vyombo na kuendelea na kazi yake.

"Uma," alikuwa akimwambia. "Nyumba ni yako. Lakini mimi ndiye ninayelipa stima."

Na kwa kweli hakumchukia kwa tabia hiyo. Yeye mwenyewe, kule sokoni, aliwahi kumfukuza kwa mwiko mtu aliyesogeza gunia lake hatua moja. Alichokosea ni kujivuna. Kila mgeni aliyekuja alimwambia samaki wake wana adabu, wanajua nani mwenyeji na nani mgeni, hawana shida na mtu. Kuumwa hakukutaja. Glavu alizificha chini ya sinki.

Basi maneno hayo ya samaki wenye adabu yalimfikia Kavutha.

Kavutha ni mama yake Kitonga, na Kitonga ndiye aliyemwoa Everlyn, au Eva kwa kifupi, binti wa mwisho wa Wanjira. Anakaa Machakos, ni mwembamba, mrefu, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Kati yake na Wanjira kulikuwa na habari ya kuku. Ndoa ilipofungwa, Kavutha alileta kuku wa kienyeji, jike la kahawia lisilo na manyoya shingoni, akampa Wanjira mkononi. Wageni walikuwa wengi siku ile, na Wanjira, bila nia mbaya, alimpeleka jikoni. Mwezi uliofuata Kavutha aliuliza kuku wake anatagaje. Akaambiwa alimnywa, ile supu aliyoisifu.

Kavutha hakugomba. Alisema tu, "Yule alikuwa wa kutaga." Na tangu hapo, miaka mitatu, hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa Wanjira. Everlyn akienda Machakos alipokelewa vizuri, akapewa chakula kizuri, lakini kila kuku akipita uani, mama mkwe alikuwa akimtazama yeye badala ya kumtazama kuku.

Kwa hiyo Everlyn aliposema kwenye simu kwamba Mama Kitonga anakuja kuwasalimu, Wanjira alifuta vumbi hadi nyuma ya friji.

Kavutha alikuja Jumamosi kabla ya saa sita, na kiondo begani. Hakuna mtu wa kwao anayeingia nyumba ya mkwe mikono mitupu, na hata kwa akina Wanjira ni hivyo hivyo. Alisalimia, akaweka kiondo mezani, akafungua leso iliyofunika juu. Ndani, katikati ya ndizi na kunde, palikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa maji na kufungwa kwa raba. Ndani ya maji alikuwemo samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe.

"Nilishuka mjini nikatafuta duka," Kavutha alisema. "Wakanionyesha wa buluu, wakanionyesha wa manjano. Nikasema hapana. Wa Mama Eva ni wa chungwa. Nimeambiwa hivyo. Nikachukua anayefanana nao, wasimwone mgeni. Hata mbuzi, ukileta wa rangi nyingine, wanampiga pembe."

Lilikuwa wazo la mtu aliyekaa akafikiri. Wanjira aliliona hivyo na likamgusa, na kusema kweli naye angefikiri vivyo hivyo, kwa sababu wote wawili walikulia nyuma ya mifugo, na mifugo iko hivyo.

"Asante, Mama Kitonga. Ni mzuri sana."

"Ana jina. Anaitwa Syokimau. Ni jina la marehemu mama yangu."

Wanjira, aliyekuwa akinyoosha mkono kupokea mfuko, aliusimamisha mkono hewani kidogo, halafu akaupokea kwa mikono miwili.

"Sasa mama yangu anakaa Kileleshwa," Kavutha alisema, na hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

Mtu anayejua samaki angesema mfuko uelee kwanza juu ya maji, taa izimwe, mambo yaende polepole. Wanjira alijua kiasi hicho, maana muuzaji alishamwambia. Lakini Kavutha alikuwa amesimama pale, amesema samaki wenye adabu wampokee mwenzao kabla mtu hajanywa chai, na Wanjira mwenyewe ndiye aliyeeneza habari ya adabu. Akakata raba. Syokimau akaingia na maji yake yote.

Alikuwa mdogo, hata kuliko Karani. Kwenye ubavu wa kushoto mkanda wake wa katikati haukufika chini, ulikatika njiani kama mshono ulioishiwa na uzi. Aliogelea upande huu, akaogelea upande ule. Chifu akatoka kwenye godoro. Alikuja pole pole, akamzunguka mara moja, na kisha akampiga kwa kichwa ubavuni hadi mgeni akagonga kioo.

"Wanafanya nini?" Kavutha aliuliza.

"Wanacheza," Wanjira alisema.

"Hee. Wanacheza kwa nguvu."

"Ni furaha. Njoo tunywe chai, mama."

Akamkalisha kwenye kiti kinachoangalia dirisha. Walikula, wakaongea habari za mvua na za kanisa, kuku hakutajwa hata kidogo. Wakati wa kuondoka Kavutha alimshika mkono na kusema atarudi baada ya Pasaka kumtazama mama yake. Everlyn aliyekuja kumchukua alicheka kwenye ngazi, jambo ambalo Wanjira hakuwa amelisikia kwa muda mrefu akiwa na mama mkwe wake.

Wanjira alifunga mlango akarudi kwenye tangi. Syokimau alikuwa ameng'ang'ania juu kabisa, kwenye pembe ya kushoto, karibu na bomba la mashine ya maji, pezi la mkia limechanika kama kitambaa. Kila alipothubutu kushuka, Chifu alikuja kutoka upande wa pili wa tangi kumrudisha juu.

Akampigia simu Everlyn.

"Mum, usiniambie."

"Bado yuko hai."

"Yule samaki ana jina la nyanya yake Kitonga. Unajua wameshapiga simu Machakos? Shangazi zake wote wanajua. Mum, ulikula kuku wao. Huyu akikufa mimi nitaingiaje kwa hao watu?"

"Kuku hatukumla peke yetu. Hata yeye alikunywa."

"Mum."

"Nimesikia," Wanjira alisema. "Hafi."

Alijaribu kwanza kwa njia yake. Alimpa Chifu chakula kingi, akifikiri aliyeshiba hagombani. Chifu alikula, akapata nguvu zaidi. Alimgombeza kwa Kikuyu, lugha aliyotumia kwa mambo mazito. Halafu akakumbuka namna mama yake alivyomwingiza kuku mgeni kwenye kundi: unamfunika kwa tenga katikati ya wenzake, wanamwona na hawamfikii, hadi wamzoee. Hakuwa na tenga linaloingia majini. Alichukua chujio la plastiki la jikoni, akamweka Syokimau ndani, akaliegemeza juu ya jiwe.

Chifu alikaa nje ya chujio siku nzima akiligonga. Aliacha kula. Aliacha hata kumwuma Wanjira. Chujio lilipoondolewa, siku chache baadaye, alikuwa amekusanya hasira zote hizo pamoja, na Syokimau akapoteza kipande kingine cha pezi kabla Wanjira hajamrudisha. Kwa hivyo wakaendelea kuishi hivyo, mgeni kwenye chujio na mwenyeji nje, na Pasaka inakaribia.

Ndipo alipokwenda Adams Arcade kwa Maina.

Maina alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka dogo la samaki lililobanwa kati ya kinyozi na mahali pa kutengeneza simu. Ndiye aliyemuuzia Wanjira tangi, na alimwita shosh, yaani bibi. Alisikiliza habari yote huku akimpimia mteja mwingine chakula cha samaki, na mteja alipoondoka akatikisa kichwa.

"Shosh, angekuletea wa buluu haungekuwa hapa. Hawa hawagombani sana na wasiofanana nao. Akiona sura yake, ndiyo anaona mtu wa kumnyang'anya boma."

"Mbuzi hawako hivyo."

"Si mbuzi, shosh."

"Sasa huyu dume nimfanye nini?"

"Dume gani?"

"Chifu. Mkubwa."

Maina akacheka, akaona Wanjira hacheki, akaacha. "Huyo si dume. Huyo mkubwa ndiye mama. Kwa hawa mwanamke ndiye mkubwa, ndiye mwenye boma. Bwana ni huyo mdogo anayemfuata."

Wanjira aliliweka jambo hilo mahali pake. "Basi ni watu wenye akili," alisema. "Na huyu aliyeletwa?"

"Huyo bado ni kijana tu. Wote huanza wakiwa vijana wa kiume. Mkubwa akiwapo, wengine hawapandi. Akiondoka, anayemfuata anakuwa mama."

"Syokimau ni kijana wa kiume?"

"Kwa sasa."

"Hilo," Wanjira alisema, "hatutalisema Machakos."

Maina alimpa njia mbili. Ya kwanza, amletee mmoja, awe Chifu au mgeni, yeye atampatia nyumba nyingine. Wanjira alikataa kabla hajamaliza. Zawadi ya mkwe hairudishwi dukani. Ya pili Maina aliisema kwa sauti ya chini, ingawa dukani walikuwa wawili tu.

"Nina wengine kama huyo. Akikufa, unakuja, nakupa mwingine. Wanafanana. Nani atajua?"

Wanjira alimtazama mpaka akageuza macho. "Kijana, huyo mama anaweza kuingia zizi la mbuzi mia na kukuonyesha mwana wa mbuzi wake. Huyu samaki mkanda wake umekatika upande wa kushoto. Yeye ndiye aliyemchagua. Unafikiri hakuuona? Na hata asingeuona. Mama ya mtu unambadilisha?"

Maina aliomba radhi. Halafu akasema kuna jambo la tatu, ingawa mara nyingine linafaulu na mara nyingine halifaulu. Umemfunga asiyestahili, alisema. Mfunge yule mgomvi. Mweke Chifu kwenye kasha la matundu, yule mgeni aachwe huru, na mawe yote yapangwe upya, ili Chifu akitoka asikute boma lake lilivyokuwa, aanze naye kama mgeni. Akamwazima kasha.

Wanjira alirudi nyumbani akavaa glavu. Kumkamata Chifu kulichukua muda na maji mengi yalimwagika zuliani. Mwishowe alimpata kwa bakuli, akamfunga kwenye kasha, akamtundika pembeni. Syokimau akatoka kwenye chujio. Kwa mara ya kwanza aliogelea tangi zima kuanzia upande mmoja hadi mwingine, na akala chakula kikiwa kinaanguka badala ya kungojea mabaki. Wanjira alikaa kwenye kiti akimtazama, akajipongeza.

Kisha akaingiza mkono kupanga mawe, na akaumwa.

Hakuwa Chifu. Alikuwa Karani, yule wa kufuata nyuma nyuma, ambaye tangu anunuliwe hakuwahi kuuma hata jani. Alikuwa amesimama mbele ya jiwe moja bapa chini ya godoro, na hakuondoka. Wanjira aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye jiwe palikuwa na kitu kama kiraka cha rangi ya chungwa. Alipotazama vizuri aliona kuwa ni vidonge vidogo vidogo vingi, vimesimama kimoja kimoja, na Karani alikuwa anavipepea kwa mapezi, anavipuliza, anamfukuza mkono, anarudi kupepea.

Yalikuwa mayai.

Akageuka kulitazama kasha. Chifu alikuwa amejibana upande unaotazama jiwe, mdomo umegusa plastiki.

Wanjira hakupanga mawe siku hiyo. Alimrudisha Syokimau kwenye chujio, akafungua kasha, akamwacha Chifu aende. Chifu alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akalizunguka, akampita Karani, halafu akaja kuuma glavu. Wanjira alimwacha aume hadi alipotosheka.

Akaketi. Jambo hili sasa lilikuwa limekaa vibaya kila upande. Chifu hawezi kuondolewa, ana watoto. Syokimau hawezi kuondolewa, ana jina. Na kukaa pamoja hawawezi, si kwa sababu yeyote ana tabia mbaya.

Wanjira aliijua hali hiyo. Alipoolewa, yeye na mumewe walikaa Kangemi, chumba kimoja na mama mkwe, pazia la maua katikati. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, na kila asubuhi alikuwa akisogeza sufuria ya Wanjira kutoka kwenye jiko kuweka yake. Walikonda wote wawili. Watu waliwashauri: zoeaneni, heshimianeni, ombeni pamoja. Waliomba pamoja, na sufuria ikaendelea kusogezwa. Mambo yalikwisha siku Wanjira alipojenga chumba cha mabati upande wa pili wa uwanja, na jiko lake ndani. Tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akija kumtembelea, anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa kwenye kiti. Ni Wanjira aliyemuuguza hadi mwisho.

Kesho yake alisimama mbele ya kabati lake la vioo. Lilikuwa limesimama ukuta wa mkabala na tangi, na ndani yake mlikuwa na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo vilitumiwa siku za wageni wakubwa tu. Alivitoa kimoja kimoja akavifunga kwa magazeti. Mlinzi wa geti alimsaidia kulisukuma kabati hadi chumbani, likakaa kando ya televisheni. Halafu akampigia Maina.

"Lete tangi dogo," alimwambia. "Na godoro lake, na mashine yake. Kila kitu chake."

"Shosh, kwa samaki mmoja?"

"Kwa mtu mmoja."

Ilibidi maji yatulie kwanza, na Syokimau akaendelea kukaa kwenye chujio, na Wanjira hakuweza kupita sebuleni bila kuchungulia. Mwishowe Maina alisema yako tayari. Wakamhamisha pole pole, mfuko ukielea kwanza, taa zikiwa zimezimwa. Siku mbili alijificha nyuma ya jiwe. Siku ya tatu aliingia kwenye godoro lake, na pezi likaanza kuota.

Kavutha alikuja baada ya Pasaka kama alivyosema, pamoja na Everlyn, kiondo begani. Everlyn alikuwa ameambiwa kwenye simu asiogope, na akaogopa hivyo hivyo. Wanjira alifungua mlango, akawakaribisha. Kavutha alipita moja kwa moja hadi kwenye tangi kubwa. Alitazama chini, akatazama juu, akatazama nyuma ya mawe. Aliwaona wawili.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Keti kwanza, Mama Kitonga. Chai iko tayari."

"Nitaketi nikimwona."

Everlyn alikuwa akitazama zulia. Wanjira akanyoosha mkono kuelekea ukuta wa pili. Kavutha aligeuka, akavuka chumba, akainama mbele ya lile tangi dogo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, uso wake ukiwa karibu na kioo.

"Ni yeye," alisema. "Mkanda umekatika." Halafu akajinyoosha. "Mmemfukuza kwa wenzake."

"Sijamfukuza."

"Huko kuna wawili, huku kuna mmoja. Kwetu hiyo inaitwa kufukuza."

"Mama, weka mkono kule kwenye maji," Wanjira alisema. "Pembe ya kulia."

"Kwa nini?"

"Weka tu."

Kavutha hakuwa mtu wa kuogopa maji. Akakunja mkono wa sweta, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, upande wa godoro. Chifu akatoka. Kavutha akautoa mkono haraka kuliko alivyoutia, akautazama, akakitazama kidole kimoja baada ya kingine.

"Huyu ndiye aliyekuwa akicheza na mama yangu?"

"Ndiye."

"Na wewe ukaniambia wanacheza."

"Walicheza," Wanjira alisema. "Mmoja ndiye aliyekuwa mpira."

Everlyn aliziba mdomo. Kavutha hakucheka. Alikuwa anafuta mkono wake kwa leso, pole pole, akimtazama Wanjira kwa macho yale yale ya siku ya kuku, na Wanjira akaona kwamba mzaha peke yake hautatosha.

"Huyo mkubwa ni mama," alisema. "Ana mayai hapo chini. Hataki mwingine, na mimi siwezi kumlaumu. Mama yako angekaa pale, angekaa juu kwenye bomba maisha yake yote, anangoja mabaki, na asingekua. Nimeuliza. Kwao aliye chini ya mwingine anabaki mtoto. Lakini akiwa na kwake, anakua, anakuwa mama mwenye nyumba. Mimi nilikaa na mama mkwe chumba kimoja, pazia katikati. Singemweka mama yako hivyo. Hapo palikuwa na kabati langu."

Kavutha alitazama ukuta, akaona alama ya kabati kwenye rangi. Alimtazama tena Syokimau, aliyekuwa ametoka kwenye godoro kumkagua mgeni.

"Yeye pia hakupenda kukaa na watu," alisema mwishowe. "Mama yangu. Baba alijenga jiko mara mbili ili apate la peke yake."

Akavuta kiti, akakiweka mbele ya tangi dogo, akaketi. Akasema sasa hiyo chai anaweza kuinywa. Wanjira alienda kufungua vikombe vya dhahabu kutoka kwenye magazeti, na alipokuwa akimimina, mabega ya Kavutha yalianza kutikisika.

"Mpira," alikuwa akisema peke yake. "Mmoja ndiye mpira."

Walipomaliza chai alivuta kiondo na kukiweka magotini. Kitu kilitikisika ndani. Akafungua leso na kutoa kuku jike wa kahawia asiye na manyoya shingoni, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, akampa Wanjira mkononi.

"Huyu ni wa kutaga," alisema.

Everlyn alifungua mdomo kusema kwamba hapa ni gorofa ya tatu, na kwamba kwenye ukuta wa ngazini kumebandikwa karatasi ya mambo yasiyoruhusiwa na kuku ni wa pili. Wanjira alimtazama mara moja, na Everlyn akaufunga mdomo.

"Nimesikia," Wanjira alisema. Alimbeba kuku kwapani hadi balkoni, akasukuma mabeseni upande kwa mguu, akamfungua kamba. "Eva, lete lile tenga la nguo. Zimwage tu kitandani."

"Na wale wa geti, Mum?"

"Waache waje. Wakija, waambie waweke mkono kwenye tangi kwanza."